Siku Kitabu Changu Kilipopigwa Mnada Kigangoni

Leo nimepatikana. Sina namna nyingine ya kuanza. Nimepatikana mchana kweupe, sikukuu ya Krismasi, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mbele ya kigango kizima cha Mbingu, kijijini kwetu. Naandika haraka kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana kuna mmoja alikuwa anarekodi. (Nilimwona. Alikuwa ameegemea nguzo anatabasamu.)

Kwa msionijua vizuri: mimi napima mpunga kwenye mashine moja ya kukoboa hapo Ifakara. Gunia linapanda mzani, nasoma, naandika, linashuka, linakuja lingine. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Ile nyingine, ambayo mimi ndiye ninayeilisha, ni uandishi. Mwaka huu nimetoa riwaya yangu ya kwanza. Nimeitoa mwenyewe, bila mchapishaji, ya mtandaoni. Haina karatasi hata moja. Unabonyeza linki, inashuka kwenye simu yako, unasoma. Nimeiandika miaka mitatu kwa dole gumba, kwenye simu hii hii, nimekaa juu ya magunia ya watu.

Na haijasomwa. Tuseme ukweli.

Sasa kuna mtaalamu mmoja huko mtandaoni anafundisha waandishi namna ya kuuza. Anasema msimu wa sikukuu ndio msimu wa vitabu. Watu wako likizo, wamekaa nyumbani, wamenyoosha miguu, wanatafuta cha kusoma. Mtaalamu huyo naona hajawahi kufika Bonde la Kilombero mwezi wa Desemba. Mvua zimeanza. Huku hakuna aliyenyoosha mguu. Watu wako mashambani wanalima, wanamwaga mbegu, wanafukuza ndege. Mtu anarudi jioni matope yamefika magotini, mgongo umekatika, halafu wewe unamtumia linki!

Lakini nilimfuata yule mtaalamu. Nilikuwa nimekata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hachagui mganga. Nikakifanya kitabu kiwe cha bure msimu mzima wa sikukuu. Bure kabisa. Nikatengeneza tangazo, nikachukua jalada langu nikalivika kofia nyekundu ya Krismasi. (Jalada lenyewe ni picha ya kaburi. Sikuliona tatizo mpaka mke wangu aliponiuliza.) Nikalirusha kwenye magrupu yote: la tuliosoma pamoja, la jumuiya, la wapagazi wa mashineni, la ukweni.

Majibu yakamiminika. "Hongera sana mwandishi!" "Mungu akuinue!" Mikono ya kuomba sijui thelathini. Shemeji yangu mmoja akaandika, "Nimekisoma chote, kina mafunzo makubwa." Nikaenda kuangalia idadi ya waliopakua. Watatu. Wa kwanza mimi. Wa pili mimi tena, kwenye simu ya mke wangu. Wa tatu mtu nisiyemjua.

Nilimpenda sana yule mtu wa tatu. Nilikuwa nikiamka asubuhi namwazia. Nilijiuliza yuko wapi, amefika sura ya ngapi, kama amelia pale mzee anapozikwa. Juzi ndipo nilipokumbuka kwamba niliwahi kujaribu linki kwenye kompyuta ya ofisi ya mashineni. Kwa hiyo wa tatu pia alikuwa mimi.

Mke wangu alivumilia mpaka akachoka. Akafungasha, akachukua watoto, akaniambia, "Ukimaliza kutangaza utatukuta kwetu Mahenge." Hakufoka. Angefoka ningejua pa kushika. Nikabaki peke yangu Ifakara, natazama namba ambayo haisogei, nyumba kimya, nakula mkate na chai. Nawaambia kweli, nilikuwa sijisikii vizuri. Kuna saa nilikaa tu kwenye kiti nikajiuliza miaka mitatu yote ile nilikuwa namwandikia nani.

Ndipo jana mama akapiga simu.

Mama yangu ni mjane, anaishi Mbingu, anatumia simu ya kitochi. Hana mali. Ana shamba la ekari moja na nusu na ana neno lake, basi. Watu wa pale wakigombania mpaka wa shamba wanamwita yeye aseme, kwa sababu wanajua hasemi la uongo.

"Beni," akasema, "kesho uje kwenye misa. Uje na hicho kitabu."

"Mama, nilikueleza. Hakishikiki. Kimo kwenye simu."

Nikasikia mvua ikipiga bati kwake.

"Baba, mimi nimeshawaambia watu wote mwanangu ameandika kitabu. Tangu Pasaka nawaambia. Mwanzo walikuwa wananipongeza. Sasa wakiniuliza kiko wapi, wanaangaliana. Mama Salome wa dukani juzi kanisema mbele ya kwaya nzima, eti kitabu gani hicho kinachosimuliwa tu na hakionwi. Wananiona mwongo, Beni. Sijawahi kuitwa mwongo mimi, na umri huu."

Nikasema nakuja.

Asubuhi nikapanda bodaboda na shati langu ndani ya mfuko wa nailoni. Barabara ya Mlimba mnaijua mvua ikiwa imenyesha. Nilianguka mara moja tu, na niliangukia upande wenye majani. Nikafika, nikamwamkia mama shikamoo, akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu, akaniletea maji ya kunawa. Nikabadilisha shati. Halafu tukakaa tukapanga.

Utaratibu wa kigango chetu sikukuu ni huu. Wakati wa matoleo kila mtu anapeleka kazi ya mikono yake. Mkulima anapeleka mchele au maboga, mvuvi analeta samaki kutoka Mofu, fundi cherehani analeta nguo. Misa ikiisha, vile vyote vinatolewa nje vinapigwa mnada, na mwaka huu fedha inakwenda kwenye bati za kanisa, maana upande wa kwaya panavuja.

"Sasa wewe kazi ya mikono yako ni nini?" mama akauliza.

"Kupima mpunga."

"Hiyo ni kazi ya mzani. Ya kwako ni kitabu. Peleka kitabu."

"Mama, nitapelekaje kitu ambacho..."

"Si umesema kimo kwenye simu? Weka simu kwenye sahani. Wakione."

Hapo ndipo nilipoponzwa, naomba mnielewe. Shetani wa matangazo akaninong'oneza. Watu mia mbili na zaidi! Wote kwa pamoja! Mnadi anakitangaza kitabu changu kwa sauti, mshindi nakituma kwenye simu yake pale pale, wengine wanaona, wanauliza, wanapakua. Yule mtaalamu wa mtandaoni hajawahi hata kuota kitu cha namna hii. Nikachana karatasi kwenye daftari la mama, nikaandika kwa herufi kubwa: KINACHONADIWA NI KITABU KILICHOMO NDANI YA SIMU. MSHINDI ATATUMIWA KWENYE SIMU YAKE. SIMU NI YA MWANDISHI, ITARUDISHWA.

Niambieni, hapo nimekosea wapi?

Mnadi wetu ni Mzee Deo, mwenyekiti wa kigango, mtu wa sauti. Nikamfuata kabla ya misa, nikamwamkia, nikampa karatasi. Akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu, akaikunja ikaingia mfuko wa shati.

"Nimekuelewa, mwandishi," akasema.

(Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba miwani yake ilivunjika wiki iliyopita na hataki watu wajue.)

Misa ikaanza. Padre ana vigango vitatu leo kwa hiyo alikuwa anakwenda mbio. Yakafika matoleo. Mbele yangu mama mmoja amebeba boga, nyuma yangu baba mmoja ameshika bata. Katikati mimi, na sahani ya udongo, juu yake kitambaa alichodarizi mama, juu ya kitambaa simu. Nilikuwa nimeiweka isijizime, jalada likawa linang'aa: kaburi na kofia nyekundu. Nikapita katikati ya kanisa taratibu. Watu wakanyoosha shingo. Nikamwona mama kwenye benchi lake, kanga mpya, ameinua kidevu.

Nilipofika mbele ya padre, simu ikalia ndani ya sahani. Ngrrrrr! Sahani nzima ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa kunitakia Krismasi njema na kunikumbusha kwamba kifurushi changu kinakaribia kwisha. Padre akaitazama simu, akanitazama mimi, akaibariki.

Misa ikaisha, padre akapanda pikipiki akaondoka. Tukatoka nje. Meza ikawekwa, vitu vikapangwa, watu wakazunguka. Mvua ilikuwa imekatika lakini mawingu yalikuwa bado yamekaa. Boga likaenda. Kambale wakaenda. Bata alisumbua kidogo, alijinyea kwenye meza, bei ikashuka, akaenda. Mimi nimesimama pembeni. Mama amesimama mbele kabisa, na kwa makusudi kabisa amesimama karibu na Mama Salome.

"Na sasa, wapendwa!" Mzee Deo akapaza sauti. "Kazi ya mtoto wetu! Mtoto wa hapa hapa! Beni, mwandishi!"

Akainyanyua simu juu. Karatasi yangu mfukoni haikutoka. Nikajiambia labda ataisoma baadaye.

"Nani anaanza?"

"Elfu kumi!"

Elfu kumi! Aliyeanza ni Dotto, kijana anayekodisha pawatila ya kulimia, jirani wa mama, nyumba ya pili. Sikujua hata kama Dotto anasoma.

"Kumi na tano!" Mama Salome huyo.

"Ishirini!"

"Ishirini na tano!"

Jamani. Jamani! Mnajua mtu aliyekaa mwezi mzima anatazama namba tatu, na zote tatu ni yeye mwenyewe? Halafu asikie watu wanapigania kitabu chake kwa sauti hadharani? Machozi yalinitoka. Siwafichi, yalinitoka, nikajifanya nafuta jasho. Nikasema kumbe tatizo halikuwa kitabu. Kumbe nyumbani wananipenda, ni mimi nilikuwa nawatafuta wasomaji mbali.

Kutoka nyuma mtu akauliza, "Chaji inakaa?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikasema moyoni huyu ni msomaji wa akili, anauliza kwa mafumbo kama kisa kina nguvu mpaka mwisho. Nikamjibu kwa sauti, "Inakaa mpaka ukurasa wa mwisho, ndugu yangu!" (Hii imerekodiwa.)

Bei ikapanda. Arobaini. Hamsini. Mama akapiga vigelegele. Mama yangu, ambaye sijamsikia akipiga vigelegele tangu baba afariki! Akamgeukia Mama Salome akamshika mkono. "Unaona? Nilisema nini?" Mama Salome, ambaye alikuwa bado anataka kuongeza dau, akasema, "Ni kizuri kweli, Mama Beni, kinang'aa." Akafika sitini na tano akashindwa.

"Themanini!" Dotto akamaliza.

"Elfu themanini mara ya kwanza! Ya pili! Ya tatu! Kimekwenda!"

Makofi. Dotto akatoa fedha mfukoni, akaiweka mezani, akaichukua simu kwenye sahani, akaizima kioo, akaitumbukiza kwenye mfuko wa suruali.

Mimi nikamwendea mikono miwili mbele kumshukuru. "Ahsante sana, kaka. Sina la kusema. Nipe namba yako nikutumie sasa hivi."

"Namba yangu ya nini?" Dotto akasema. "Nipe wewe namba ya siri, imejifunga hii."

Naomba nipumue kidogo.

Nikaelewa kila kitu mara moja, mpaka swali la chaji. Na ndani ya ile simu, ndugu zangu, kuna kitabu changu cha pili. Sura kumi na moja. Hakipo mahali pengine popote duniani, kwa sababu mimi ni wa kuahirisha mambo.

Ningesema tu, "Kaka, hujanunua simu." Maneno matatu. Lakini nikageuka nikamwona mama. Wamemzunguka. Wanawake wa kwaya wanampa mkono mmoja mmoja. Mama Salome anamwambia, na nilimsikia kwa masikio yangu, "Utusamehe, Mama Beni. Tulikuwa tunakuona unatupiga kamba." Na mama anaitikia, "Yamekwisha, yamekwisha," huku anafuta macho na pembe ya kanga.

Nikapiga hesabu. Sura kumi na moja upande huu, mama upande ule. Sura naweza kuziandika upya. Sizijui zote kwa kichwa lakini kisa nakijua.

"Saba," nikamwambia Dotto. "Nne."

Akabonyeza. "Endelea."

Namba ya tatu ikagoma kutoka.

"Kaka, endelea basi," Dotto akasema, na Dotto ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya injini. "Halafu laini yako utatoa. Na hivyo vitabu vyako ufute, vinajaza nafasi tu."

Mama akageuka.

"Afute nini?"

"Vitu vyake, mama. Simu si imeshakuwa yangu."

"Simu gani, Dotto? Wewe si umenunua kitabu?"

Dotto akamtazama mama kwa heshima zote. Ni kijana mwenye adabu, simlaumu hata kidogo. "Kitabu? Shikamoo mama, lakini nani atanunua kitabu elfu themanini?"

Bata peke yake ndiye aliyekuwa anaongea.

Mzee Deo akaitwa. Akaulizwa. Akakumbuka karatasi, akaitoa, akaishika mbali, akaishika karibu, mwisho akampa Mama Salome aisome yeye. Mama Salome akaisoma kwa sauti safi ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani, neno kwa neno, mpaka "SIMU NI YA MWANDISHI, ITARUDISHWA." Pale kwenye "itarudishwa" mtu mmoja wa nyuma akaguna. Mwingine akashindwa kujizuia. Basi kikaanza kicheko. Mwanzo cha chinichini, halafu kikafunguka. Watu walishikana mabega. Yule wa chaji alikaa chini kabisa.

Dotto akarudishiwa fedha, akanipa simu yangu. "Samahani, kaka. Mimi shida yangu ilikuwa simu." Sauti yake ilikuwa ya kuhani msiba.

Nikadhani imekwisha. Nikaanza kurudi nyuma taratibu, nitafute njia ya kupotelea. Mzee Deo akanizuia.

"Subiri, mwandishi. Sadaka hairudi nyumbani. Kilichofika altareni lazima kipate mwenyewe." Akasafisha koo, akawageukia watu. "Haya, wapendwa. Tuelewane sasa. Ni kitabu. Kitabu chenyewe, bila simu. Tuanze na elfu kumi."

Hakuna aliyeinua mkono.

"Elfu tano."

Mtu akakohoa, Mzee Deo akamgeukia kwa matumaini. Alikuwa anakohoa tu.

"Elfu mbili. Elfu moja, jamani, ni ya bati. Mia tano!"

Watu walikuwa wanatazama chini, wengine kwa huruma, wengine wanauma midomo wasicheke tena. Mzee Deo akaniinamia. Alidhani ananong'ona, lakini nimeshawaambia ni mtu wa sauti.

"Mwandishi, unaonaje? Tukitoe bure?"

Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikamjibu ukweli.

"Kipo bure tayari, mzee. Mpaka baada ya mwaka mpya."

Sitaki kuwaelezea kicheko kilichofuata. Itoshe kusema kwamba Mzee Deo mwenyewe aligeuka akaegemea meza, na meza ikapinduka, na bata wa watu akatoka mbio akaingia kanisani. Nilisimama pale na simu yangu mkononi, kaburi na kofia nyekundu, nikatamani kuwa ndani ya lile kaburi.

Nikamtafuta mama kwa macho, hayupo. Nikasema basi, ameona aibu, amekwenda kujifungia. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia tangu siku ya mazishi ya baba. Mama hakuwahi kuniomba kitu kikubwa. Aliomba mara moja, kitu kimoja, watu wakione kitabu, na mimi nikamletea hiki.

Kwake ni karibu na kanisa. Watu wakaanza kupisha. Mama huyo anarudi, hajakimbia, anatembea vile vile anavyotembea kwenda shambani. Kwapani amebana jogoo. Jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kwa ukambaa. Kwa msiojua, huyo ndiye alikuwa mboga yetu ya Krismasi. Kazi yake ilikuwa kuchinjwa saa sita.

Akamweka mezani, meza ikiwa ndiyo kwanza imeinuliwa.

"Mimi nakinunua," akasema. "Kwa huyu."

Hakuna aliyecheka. Mzee Deo akasimama wima, akafunga kifungo cha koti. "Mara ya kwanza," akasema polepole. "Ya pili. Ya tatu. Kitabu kimepata mwenyewe."

Halafu, kwa kuwa jogoo sasa ni mali ya kigango, akanadiwa. Hakumaliza dakika moja. Watu walimgombea jogoo kwa ari ambayo mwandishi yeyote angeitamani. Amenunuliwa na Dotto.

Tukarudi nyumbani mimi na mama. Akapika wali, akachuma majani ya maboga nyuma ya nyumba, akayaunga na karanga. Tukala Krismasi yetu. Kutoka nyumba ya pili kulikuwa kunakuja harufu ya kitunguu na jogoo. Mama aliniona nainusa, akaamka akafunga dirisha.

Tulipomaliza nikajikaza. "Mama, kitabu ni chako sasa. Nikusomee?"

"Unisomee cha nini?"

"Si umekinunua?"

Alikuwa anakusanya sahani. Hakunitazama. "Sikununua nisomewe, Beni. Nilinunua wale watu wanyamaze. Walikuwa wanamcheka mtoto wangu."

Nikauliza lile lililokuwa linanikaba tangu asubuhi.

"Kwa hiyo bado wanakuona mwongo?"

Mama akafikiri. Mama hajibu swali bila kufikiri.

"Hapana," akasema. "Hilo limekwisha. Nilisema kitabu kipo, na kipo, kigango kizima kimekiona. Hakuna anayekitaka, lakini kipo."

Akabeba sahani akatoka nje kuosha.

Basi ndiyo hivyo, ndugu zangu. Mvua imeanza tena, pikipiki hazipiti, nalala huku Mbingu. Nimempigia mke wangu Mahenge nikamweleza yote, nikasikia anacheka ameziba mdomo, halafu akaniambia nikaungane nao kesho. Ninyi nawaomba kitu kimoja tu: asicheke mtu. Kicheko cha leo mama ameshakilipia jogoo mzima.